Kengele za Ng'ombe Harusini

Katika mgahawa mmoja hapa Katesh niliketi jirani na vijana watatu wanamuziki, hoi, mfuko wao wa kengele za ng'ombe ukiwa mezani. Muziki wao ni kengele, majembe na miluzi ya wachungaji, hauna maneno wala kiitikio.

"Mwaka mzima, mama," binti wa kundi alimwambia mwenye mgahawa, "mnadani wametufukuza, kanisani wametuambia tuipishe kwaya. Harusini kule Maretadu tulipiga hadi mwisho, MC akasema, 'Haya, mmeshajaribu vyombo, sasa anzeni.'"

Mama aliweka chupa ya chai taratibu. "Hata mmoja hakuwasikiliza?"

"Mzee mmoja. Aliposikia kengele na miluzi aliacha sahani ya nyama, akashika fimbo, akatoka mbio. Alidhani ng'ombe wameingia kwenye mahindi yake."

"Pole, mwanangu."

"Usinipe pole, mama. Wengine wote waliendelea kula."

Nilishusha macho kwenye chai yangu. Miaka yote hii naandika safu hii gazetini, na sijawahi kumfanya mtu aache nyama.