Seva ya Kutunza Sauti ya Baba Upendo

Niliondoka nyumbani Iyunga, Mbeya, kwa sababu ya sauti ya marehemu. Baba Upendo alikuwa akirekodi kwaya za usharika mmoja wa Ilula, na kabla ya kila wimbo aliwasalimu wasikilizaji kwa Kihehe. Alipofariki, kazi zake zote zilibaki kwenye kompyuta moja kuukuu inayokoroma ikiwashwa. Mkewe, ambaye sasa ndiye anayeendesha studio, alinipigia simu mimi fundi wa kompyuta. "Mwanangu, hii mashine ikifa, nitakuwa nimemzika mara ya pili." Nikafunga begi.

Kufika Chimala, nilikuwa nimeshaipanga kichwani seva, yaani kompyuta ya kutunzia nakala za kazi zao. Programu ya kutunza nakala ni huria, haina malipo, nayo hukusanya mafaili ya kompyuta zote kupitia mtandao wa ndani. Kazi ni kuchagua mashine ya kuibeba. Napenda mashine kubwa mno, lakini safari hii nilijizuia: nakala zingechukuliwa usiku, watu wamelala, kwa hiyo hata mashine ya polepole ingetosha. Baridi ya Makambako ilinikuta nikijipongeza.

Ilula, mchana. "Kamwene!" Mama Upendo alinisalimu kwa Kihehe, akanikumbatia kabla sijatua begi, akaniketisha kwenye ugali na maharage. Studio yao ni vyumba viwili nyuma ya kanisa.

Jioni mawingu yalipofunga, alipita akichomoa kila waya ukutani, kisha akashusha swichi kubwa ya umeme.

"Mama, unazima hivi kila siku?"

"Kila siku, mwanangu. Radi za huku hazina adabu. Baba Upendo alikuwa haondoki bila kuchomoa."

Nilicheka peke yangu. Seva yangu ya usiku ingelala gizani kama sisi wengine. Ningeweza kumwambia aache, lakini sikutaka. Ile ilikuwa namna yake ya kufunga mlango kwa niaba ya mumewe.

Asubuhi nilipanga upya. Nakala zitachukuliwa mchana, kwaya ikienda kula, na yatabebwa mafaili mapya tu. Muda ni mfupi, kwa hiyo diski ziwe za kasi, mbili zenye kitu kilekile ili moja ikifa nyingine ibaki. RAM, kumbukumbu ambayo mashine hufanyia kazi, iongezwe, na nyaya za mtandao zilizochoka zibadilishwe.

Nikafanya jaribio kwa laptop yangu na diski ya nje. Kompyuta kuukuu ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma tena. Mama alinishika mkono hadi ilipomaliza.

"Bado," nikasema. "Nakala ambayo haijarudishwa siiamini. Chagua faili moja."

Hakuhitaji kufikiri. Nikalirudisha kwenye kompyuta nyingine, nikabonyeza.

"Kamwene!" ikasema sauti ya mwanamume, yenye furaha, karibu kabisa.

"Kamwene," Mama Upendo akaitikia, kama anavyoitikiwa mtu aliyetoka shambani. Tukalia wote wawili, sina haja ya kuficha.

Nilirudi Mbeya na ndoo ya nyanya mapajani. Diski nilimwachia hadi seva inunuliwe. Nilikuwa nimekwenda kupima mashine, na nimejifunza kwamba kwanza natakiwa kujua watu wanavyofunga mlango jioni.

Basi lilikuwa linaingia Mafinga simu ilipoita.

"Nimechomoa zote, mwanangu," akasema Mama Upendo. "Ila leo nimechomoa bila woga."