Jiko Lililotangulia Nyumba

Kinyozi hajinyoi, na shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa hajengi. Kazi yake ni kukadiria gharama za majengo. Unampelekea ramani, anakunja mikono ya shati, anahesabu matofali, nondo, saruji, ujira wa mafundi, hata maji ya kukorogea zege, kisha anakutajia bei ambayo hukutaka kuisikia. Mstari wa mwisho huwa ni dharura: fedha za mvua isiyotarajiwa, za mwamba utakaokutwa kwenye msingi, za bei kupanda. Ndiyo maana mtaani wanamwita Bwana Dharura.

Kiwanja anacho, na ramani yake anayo: vyumba vitatu, sebule, na jiko lenye dirisha kubwa, maana dada hakuomba kingine ila dirisha. Kila mwaka shemeji aliketi, akakadiria upya, akaguna, akaikunja ramani. Bei zimepanda tena. Dada akaendelea kupikia koridoni kwenye nyumba ya kupanga, pamoja na majiko ya wapangaji wengine, ukuta mweusi tititi. Subira huvuta heri, wanasema; ya shemeji ilivuta kodi tu. Sifichi, nilikuwa namchukia kidogo.

Mwaka huu mwenye nyumba akaiuza nyumba yake. Nilikwenda kusaidia kufunga mizigo, nikamkuta dada anakohoa moshi hadi kashika ukuta, na shemeji yuko sakafuni na ramani, kalamu sikioni.

"Shemeji, hivi wewe huna haya?" nikamwuliza. "Mwenzio anakohoa, wewe unapiga hesabu!"

Dada akaninyamazisha kwa mkono, akachuchumaa kando ya mumewe. "Baba watoto, hao unaowakadiria, wanakuja na fedha kamili?"

"Hata mmoja."

"Sasa huwa unawaambiaje?"

"Waanze na wanachoweza."

"Na sisi je?"

Shemeji hakuinua macho. "Nyumba ya mtu mwingine ikiishia kwenye linta, juu ya madirisha, bila paa, watu watasema maisha magumu. Yangu ikiishia hapo, watasema hata mkadiriaji kashindwa hesabu. Naogopa kuchekwa, mke wangu. Ni hilo tu."

Jamani! Miaka yote nilidhani ni ubahili. Hasira ikaniisha, nikamwonea huruma.

"Basi wacheke," dada akasema. "Nitakuwa dirishani nawatazama."

Wakahamia kwangu, chumba cha nyuma, na kodi waliyookoa ikaenda kiwanjani. Lilijengwa jiko peke yake: kuta nne, bati, bomba la kutolea moshi, na lile dirisha. Na watu walicheka kweli. "Bwana Dharura, nyumba imekukimbia?" Siku za mwanzo alipita njia ya nyuma. Baadaye akawa anajibu kwamba nyumba iko njiani, inavaa viatu.

Juzi nilikwenda kuliona. Makadirio ya jiko yalikuwa yamebandikwa nyuma ya mlango, nami kwa uchokozi nikayasoma hadi chini. Mstari wa dharura haukuwepo.

"Shemeji, leo umesahau jina lako?"

Hakucheka. Alikuwa anamtazama dada, aliyekaa penye mwanga wa dirisha akichambua mboga.

"Sikusahau," akasema. "Dharura yote dada yako alishailipa, kule koridoni."

Dada akakohoa kidogo, akaendelea kuchambua.