Nani Atabaki na Ng'ombe

Kwa miaka tisa pasipoti yangu ilikaa ndani ya foronya, chini ya mashuka ambayo hatutandiki ila mgeni akija. Niliichukua nilipopata kazi ya kutunza wazee huko Uarabuni. Wiki moja kabla ya kuondoka, mama akateleza kwenye shamba la kahawa akavunjika nyonga. Kaka yangu akaja kutoka Nanyuki, akasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, akasema, "Wewe kaa na yeye kidogo, mpaka asimame." Mama alisimama baada ya miezi sita. Mimi nimekaa mpaka leo.

Kwa hivyo watu wakitaja safari ya nje ya nchi, mimi sisikii vile wengine wanavyosikia. Mwaka jana pasipoti hiyo ilikuwa imebakiza miezi michache kuisha, na haikuwa na mhuri hata mmoja. Nilitaka mhuri mmoja. Sikutaka Ulaya wala Marekani, nilitaka tu askari wa mpakani aliyechoka agonge hapo, nami nitazame. Hicho ndicho nilichokitaka mwaka mzima, na usinicheke.

Safari yenyewe ilianza na wivu wa kaka. Ana duka la vifaa vya ujenzi Nanyuki, anauzia wenye mahoteli mabati na misumari, na mzee mmoja wa kanisani kwake alikuwa amepeleka familia Dubai akarudi na picha. Kaka hakula raha tena. Jumapili moja ya mwezi wa tano akatuitisha nyumbani kwa mama, huku juu ya Nyeri: yeye na mke wake na watoto, na dada yetu mdogo na watu wake kutoka Mwea, ambako yeye na mume wake wana mashine ya kukoboa mchele. Baada ya chakula akatangaza kwamba familia hii lazima itoke nje ya nchi kabla mama hajafa. Alisema hivyo mama akiwa hapo hapo anatafuna mukimo.

"Na mnataka nife nikiwa nimeona wapi?" mama akauliza, tukacheka wote.

Mke wa kaka ni mwalimu, kwao ni upande wa Kakamega, kwa hivyo akiwepo tunaongea Kiswahili ili asikae kama kiti. Kaka akasema Dubai. Mama akauliza kama huko kuna mahali pa kulala mchana. Dada akasema Zanzibar, maana ameona kwa simu watu wamelala kwa mchanga mweupe. Mama akakataa. "Maji hayana mwisho, mimi siangalii." Mtoto mkubwa wa kaka akasema Moshi, tukaone Kilimanjaro.

"Nitoke kwa mlima niende kwa mlima?" mama akasema. "Huu wetu umenitosha. Kila asubuhi nikifungua mlango, uko hapo."

Mke wa kaka akasema Kigali, kusafi, hakuna hata karatasi barabarani. Dada akahesabu: siku mbili ndani ya gari kwenda, siku mbili kurudi, na mgongo wa mama huu huu. Sisi tulikuwa na siku nne tu za Agosti, watoto wakiwa wamefunga shule na mpunga ukiwa bado shambani. Zikaingia kelele. Kila mtu alikuwa anachagua mahali pa kwenda kuonwa, si mahali pa kwenda kuona.

"Jinja," nikasema.

"Jinja iko na nini?" kaka akauliza.

Nikawaambia. Nikiwa darasa la sita mwalimu alituchoresha ramani ya mto Nile, na yangu ilibandikwa ukutani mpaka mwaka ukaisha. Mpaka leo naweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Jinja, nchi jirani tu, ndipo mto unapotoka ziwani, na unatoka ukiwa mkubwa tayari. Mito yetu ya huku inaanza kama kamba ya kiatu, unaruka na ndoo kichwani. Nikawaambia mama anaweza kukaa kwenye kiti ukingoni autazame, na maji yale yana mwisho, ng'ambo inaonekana. Nilijisikia nikiongea, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi watu wa nyumba hii kuninyamazia mimi.

Wiki mbili zilizofuata nilifanya kazi hiyo kama mshahara uko mbele. Nilipiga simu nyumba ya wageni huko Jinja, nikauliza kama kuna choo cha kukalia, kwa sababu ya nyonga ya mama. Niliuliza habari za mpakani: wakubwa kitambulisho kinatosha, watoto vyeti vya kuzaliwa. Nilichora njia nyuma ya kalenda, Nyahururu, Nakuru, Eldoret, Malaba, na mahali pa kusimama ili mama anyooshe mguu. Habari ya pasipoti yangu sikumwambia mtu. Walipokuja tena mwezi wa sita, kalenda ikazungushwa mezani mkono kwa mkono, na hata kaka akaikubali. Dubai ikafa, Jinja ikapita.

"Basi tumemaliza," kaka akasema. "Imebaki swali moja. Nani atabaki na ng'ombe?"

Hapa lazima niseme ukweli wangu, kwa sababu mdomo huponza kichwa, na mdomo ulioponza hiki ni wangu. Tuna ng'ombe mmoja wa maziwa. Miaka mitatu kabla ya hapo, mke wa kaka alitaka kujaribu kumkamua, ng'ombe akapiga ndoo teke, maziwa yote kwa sketi ya mwalimu. Ng'ombe alikuwa na kidonda kwenye chuchu siku hiyo. Mimi nilijua. Lakini watu walikuwa wamekusanyika wanacheka, nami nikajipiga kifua, "Huyu haachilii maziwa kwa mkono mwingine ila wangu." Waliipenda sana hiyo. Kaka akawa anaisimulia kwa wageni, "Dada yangu, hiyo ng'ombe inajua mkono yake tu." Ndiyo sifa pekee niliyowahi kupewa katika familia hii, na ilikuwa ya uongo. Mwaka juzi nilipolala na homa ya mapafu, mama jirani alimkamua siku tatu, na ng'ombe akasimama kimya kama yuko kanisani.

"Kwani yeye haendi?" mke wa kaka akauliza akinionyesha. "Si ndiye amepanga kila kitu?" Nilimpenda yule mwanamke saa hiyo.

Kaka akacheka. "Umesahau vile hiyo ng'ombe ilikufanya? Na tena hii ni safari ya familia. Kila mtu ako na mtu wake. Yeye atalala chumba moja na nani?"

"Ni siku nne tu," dada akasema. "Tutakutumia picha."

Nikamtazama mama. Mimi ndiye ninayemwosha mgongo, maana nyonga haimruhusu kuufikia. Mimi ndiye ninayejua kidonge cha asubuhi na cha jioni. Nikangoja aseme, "Siendi bila huyu." Mama alikuwa anapuliza chai.

"Hiyo maneno ya ng'ombe ni kweli," akasema. "Haiwezi kuachilia kwa mtu mwingine. Itakauka."

Neno moja lingetosha. Ningesema tu, "Nilidanganya, mama jirani anaweza." Lakini wewe fikiria. Nina miaka arobaini na saba, sina mume, sina mtoto, nakaa kwa boma ambalo siku moja litakuwa la kaka. Nikisema ng'ombe anakamuliwa na mtu yeyote, basi mimi ni wa nini? Kaka alikuwa ameshataja mara mbili msichana wa kazi kutoka Kiriaini. Kiburi na woga vikanikaba pamoja. Nikasema, "Ni kweli, atakauka." Hasira niliyo nayo mpaka leo, nusu yake ni yangu mwenyewe.

Wakaenda. Gari la kukodi lilikuja asubuhi, na mahali ambapo ningekaa mimi pakawekwa mifuko ya nguo. Kaka aliichukua ile kalenda yangu akaiweka mbele karibu na dereva. Dada alimshika mama mkono akampandisha, polepole, kwa uzuri, na mama akamwambia, "Asante, mami."

Nieleze hilo neno. Kwa desturi yetu, msichana wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, na wa pili huitwa jina la mama ya mama. Mimi ni wa kwanza. Nina jina la nyanya, mama mkwe wake mama, mwanamke ambaye walikaa naye boma moja miaka kumi na miwili bila kupeana kikombe cha maji. Dada ana jina la mama mzazi wa mama, aliyekufa mapema, na kwa hiyo mama humwita mami tangu akiwa mtoto mchanga. Mimi huniita "wewe." Nilikuwa nimezoea. Nilidhani nimezoea.

Siku ya pili picha ikaingia kwa simu. Mama amekaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa mto, dada amepiga magoti kando yake anamfunika shuka miguuni. Maji ni mapana na ya kijani, jinsi nilivyosema. Mama anacheka mpaka pengo linaonekana. Niliikuza ile picha kwa vidole nikatafuta huzuni kidogo usoni mwake, na sikuipata.

Walirudi siku ya nne. Kaka aliniletea chupa ya maji ya Nile, eti na mimi nione. Alisimama akingoja nishukuru, nikashukuru. Gari lilipoondoka niliimimina kwenye ndoo ya ng'ombe, akanywa yote akalamba na pua.

Jioni hiyo nilimwosha mama. Akasema mkono wa dada ni laini. Nikasema wangu unashika jembe.

"Mimi najua mama jirani alikamua hiyo ng'ombe ukiwa mgonjwa," akasema. "Nilikunywa hayo maziwa."

Kitambaa kikabaki mkononi mwangu. "Na hukusema?"

"Na wewe hukusema."

"Ulijua nilitaka kwenda."

"Nilijua," mama akasema. "Lakini wewe niko na wewe kila siku. Nilitaka kuoshwa na mama yangu siku nne tu."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeomba chumvi, na hilo ndilo lililonichoma. Miaka tisa nimemwosha, na kumbe miaka yote hiyo mgongo wake ulikuwa unavumilia mikono ya mama mkwe wake. Nilimaliza kumwosha, nikamvika, nikatoka nje nikalia karibu na mtungi wa maziwa mpaka nikasikia aibu.

Asubuhi nikamwita mama jirani. Nikampeleka mama uani nikamketisha penye jua, mkabala na zizi. Mama jirani akaosha chuchu kwa maji ya moto, akapaka mafuta, akakamua. Ng'ombe hakugeuza hata shingo. Ndoo ilipojaa nikaileta nikaiweka miguuni mwa mama, povu bado linapanda.

"Ng'ombe haina shida," nikamwambia. "Sasa pigia mama yako simu, aje akuoshe mgongo."

Nilidhani atanitukana. Akapiga. "Mami, unakuja lini?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia. Simu yake ni ya wazee, sauti iko juu, na nilisikia kila kitu. Nilisikia mashine ya mchele ikinguruma, na dada akipaza sauti kuishinda: kuna kazi mingi, mavuno nayo inakuja, labda Desemba, labda, kwani huyo hayuko hapo? Mama akasema, ndiyo, yuko hapa. Akaweka simu mapajani.

Pasipoti iliisha mwezi wa kumi. Iko bado ndani ya foronya, safi kama siku niliyopewa. Nimeambiwa mpya haichukui muda kuipata, na sijaenda.

Lakini jioni ya siku ile ya simu nilichemsha maji nikayaweka kwenye karai karibu na mama, nikakaa mlangoni bila kumgusa. Nilitaka aniite. Si "wewe." Jina langu analijua, ni yeye aliyelitaja kanisani siku nilipobatizwa. Mvuke ukaisha juu ya karai. Mama akaanza kufungua vifungo vya sweta mwenyewe, kimoja kimoja, akakaa hapo na shimizi, baridi ya Nyeri ikimpiga mabegani, amekaza mdomo. Nikaona kwamba angeganda hapo kabla hajalitamka jina la mama mkwe wake. Nikayarudisha maji motoni.