Mnoa Visu Hakuwa Mtoto wa Mfalme

Kwenye katuni, sehemu ya tatu, mnoa visu anaokota jiwe lake la kunolea mtoni, pale wanawake wanapofulia. Nimeliona kwa macho yangu, tena mara nyingi kuliko nilivyohudhuria harusi za ndugu zangu. Mama mmoja anamfokea kwamba jiwe hilo ni lake la kusugulia miguu, mnoa visu anambembeleza, anapewa. Basi. Halafu anatokea mtu, sijui kala nini, anatunga kitabu pembeni ya katuni ile na kusema jiwe lilikuwa urithi wa kifalme.

Wanaoshangaa mwanamke wa umri wangu kuangalia katuni za Wajapani waendelee kushangaa. Nauza sufuria Kariakoo, jua likiwa kali wateja hupungua, na dukani kuna televisheni. Kibanda cha jirani huuza filamu kwenye flashi, zile ambazo mtafsiri wa hapa hapa Dar anaongea Kiswahili juu ya sauti za wenyewe: mwanaume yeye, mwanamke yeye, mbwa yeye. Niliwanunulia wajukuu katuni hii. Wakaichoka, nikabaki nayo mimi.

Mzee anatembea mji hadi mji na jiwe mgongoni, ananoa visu vya watu. Hana kwao. Kazi yenyewe aliiiba: mhunzi alimfukuza mlangoni, akajifunza kwa kuchungulia kwenye ufa wa ukuta. Nilipouona ule ufa nilizima feni nisikie vizuri. Mimi nilikuja mjini kutoka Lindi na darasa langu la tatu, mtoto wa mkata mkonge. Biashara nilijifunza kwenye baraza la tajiri mmoja wa vyombo, nauza karanga huku nasikiliza bei. Hakunifundisha yule. Alinifukuza kila alipokumbuka kwamba nipo.

Mtaji wangu wa kwanza ulikuwa vifuniko. Vifuniko vitupu, vilivyopotezana na sufuria zake, tajiri anataka kuvitupa. Nikavipanga juu ya gunia Mtaa wa Msimbazi. Watu walicheka, wakacheka mpaka walipofika nyumbani wakakuta sufuria zao zimefunikwa kwa sahani. Wakarudi. Jina likaniganda, Mama Vifuniko, na mpaka leo vifuniko nimevipanga mlangoni, mbele ya kila kitu. Mwanangu, anayeendesha duka siku hizi, anataka viende stoo. Anasema vinafanya duka lionekane la kimaskini.

Kitabu aliniletea binti wa huyo mwanangu, yuko chuo. Ni cha Kiingereza, kwa hiyo yeye anasoma na kunigeuzia. Anasema huko kwa Wajapani vitabu hivi huitwa riwaya nyepesi. Wepesi wake niliuona mapema. Kinaanza na mvua, radi, kichanga kinatoroshwa kwenye kasri ndani ya kapu.

"Mtoto gani huyo?"

"Subiri, Bibi."

Nikasubiri. Ni mnoa visu. Baba yake mfalme, babu yake mfalme. Mhunzi aliyemfukuza alikuwa mlinzi wake wa siri, alimfukuza kwa mapenzi. Na ule ufa, ufa wangu, ulitobolewa makusudi ili mtoto achungulie.

Nikamwambia afunge.

"Lakini ni kizuri, Bibi. Kinaeleza kwa nini alikuwa fundi vile. Ipo kwenye damu."

"Damu imewahi kunoa kisu?"

"Sio hivyo, wanachosema ni kwamba..."

"Miaka yote ya kuchungulia, kumbe mwenzetu alikuwa shule ya bweni."

Alicheka mpaka akaangusha kitabu. Mimi sikucheka. Mtu aliyeandika vile ni mvivu. Mvivu akiona mtu anajua kitu hawezi kuamini kwamba kajifunza, ataanza kumtafutia baba.

Wiki hiyo hiyo nilichelewa dukani, nilikuwa msibani Magomeni. Nikakuta mwanangu ametundika bango jipya juu ya mlango. Lina picha ya mzee wa kanzu nyeupe, ndevu safi, nyuma yake duka la mbao limejaa sufuria. Chini limeandikwa: Wauza vyombo tangu enzi za babu.

"Huyu nani?"

"Babu, Mama. Yaani, kama babu. Nimemtengeneza kwa simu."

"Babu yako hakuwa na sufuria hata moja. Kambini kwenye mkonge walipikia debe."

"Sasa nani anajua, Mama? Mteja wa mkoani anataka duka lenye mizizi."

"Basi mwambie huyo mzee wa simu aje afungue duka asubuhi."

Ningeishia hapo. Ni mwanangu, na hakufanya kwa ubaya. Lakini akaingia mama lishe mmoja wa Buguruni, mteja wangu tangu nikiwa nimekaa chini. Alitazama juu, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe duka la baba yako, shoga. Na sisi tulikuwa tunakuonea huruma pale juani."

"Si ulinunua kifuniko kwangu wewe?"

"Nilinunua, ndio nasema. Kumbe ulikuwa unacheza tu."

Aliamini kabisa, ndicho kilichonichoma. Mtu aliniona kwa macho yake, na picha moja ya simu imempokonya alichokiona. Tukifa mimi na yeye atabaki yule wa kanzu, na mimi nitakuwa binti wa tajiri aliyekaa juani kwa kujifurahisha.

Nikataka ngazi. Mwanangu akasema nitamwaibisha mbele ya wateja. Nikamwambia ashike ngazi vizuri, nikianguka ndiyo ataaibika. Binti yake akaja kushika upande wa pili. Nilipanda mwenyewe. Magoti yalilalamika, nikayaacha yalalamike.

Bango nilimpa mwanamke anayeuza ndimu hapo nje, analifunikia meza mvua ikinyesha, mzee kaangalia chini. Misumari ilibaki ukutani, nikaning'iniza vifuniko, vikubwa juu, vidogo chini. Yule wa Buguruni alikuwa bado amesimama. Akauliza kama ninacho cha sufuria yake ya wali.

"Kipo. Sema kwanza nilianzia wapi."

"Chini, kwenye gunia. Usinichoshe bwana, nipe kifuniko."

Mwanangu alikuwa pale, akasikia.

Kitabu tulikimaliza, maana sipendi kutukana kitu nusu. Mwisho mnoa visu anakalishwa kwenye kiti cha enzi, na jiwe linawekwa kwenye kabati la kioo. Watu wanashangilia. Hakuna aliyejisumbua kusema visu vya mji ule sasa ananoa nani. Mjukuu wangu aliuliza nimekionaje. Nikamwambia achomeke flashi, aniwekee sehemu ya tatu.