Mikono ya Mama wa Bweyeye

Wenzangu kazini walizoea kunitania: mshika mbili, moja humponyoka. Nilikuwa nawacheka. Mimi ni daktari na ni mchoraji, na kwa miaka yote niliyokaa hapa Kamembe sikuona kilichoniponyoka. Mchana nilitibu, jioni nilichora, na Jumapili baada ya misa nilipenda sana watu waniulize muda naupata wapi. Nilivimba kichwa, kusema kweli. Naona aibu hata kuyaandika haya.

Asubuhi moja aliingia mama wa makamo kutoka Bweyeye. Sehemu kubwa ya njia alikuwa ameitembea kwa miguu, na matope ya msituni yalikuwa yamemkaukia kwenye pindo la kitenge. Alisema anakohoa tangu mavuno ya maharage. Akaweka mikono yake juu ya meza, na mimi nikasahau kikohozi.

Vidole vilikuwa vyembamba, halafu kwenye ncha vimevimba mviringo kama vijiti vya kupigia ngoma. Kucha zilipinda juu yake, zinang'aa. Nikavuta karatasi na penseli.

"Maman, usitikise mikono kidogo tu."

"Sitikisi, Dokta."

Alidhani ni kipimo. Sikumwambia kwamba sicho. Nje watu walikuwa wanangoja kwenye benchi, nami nilikaa zaidi ya nusu saa nikiivizia mikunjo ya vidole vyake. Kikohozi kilipompanda nilimwomba ajizuie kidogo, kwa sababu nilikuwa kwenye kidole gumba. Alijizuia. Machozi yalimtoka, akajizuia.

"Umemaliza kuniangalia, Dokta?"

"Nimemaliza, Maman."

Nilimsikiliza kifua harakaharaka, nikamwandikia dawa ya maji ya kikohozi, akaondoka akinishukuru kwa mikono miwili.

Miezi michache baadaye nilitundika michoro yangu kwenye ukumbi wa parokia. Mikono ile niliiweka katikati, mahali pa heshima. Watu waliisifu, nikajifanya mnyenyekevu. Kisha akaja muuguzi wetu mkubwa, mama aliyekulia Bukavu kama mimi, ambako "ndiyo" husemwa "njo", mtu asiyejua kusifu. Alisimama mbele ya mchoro huo muda mrefu.

"Dokta, huyu muntu ulimupeleka wapi?"

"Kumpeleka kwa nini, Maman?"

"Angalia hizi vidole. Hii njo mikono ya muntu mwenye mapafu yameharibika tangu zamani. Si ni wewe ulitufundisha?"

Ni kweli, niliwafundisha mimi mwenyewe, tena kwa mchoro ubaoni. Nilisimama pale watu wakipita na soda zao, nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa nimeichora dalili kucha kwa kucha, bila kukosea mstari mmoja, na sikuiona.

Kesho yake nilitafuta jina lake kwenye rejista, nikabandua mchoro ukutani, nikapanda kwenda Bweyeye. Mchoro niliubeba nikidhani nitamwonyesha, tucheke, kisha nimlete hospitali kwa gari langu. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya njia nzima.

Nilimkuta binti yake uani, anachambua maharage. Nilipojitambulisha aliinuka, akanifutia kiti kwa kanga yake.

"Tulimuzika wiki mbili zimepita, Dokta. Lakini alikuwa anakusifu! Bantu ba hapa bote balimwambia arudi hospitali, yeye akakatala. Asema: ule dokta aliniangalia sana. Tangu nizaliwe hakuna muntu aliniangalia vile. Kama yeye amesema ni kikohozi, basi njo kikohozi."

Ningetukanwa ningepumua. Nilishika mchoro magotini, nikamwambia yote: kwamba ugonjwa ulikuwa wazi kwenye vidole vya mama yake, kwamba nilivichora badala ya kumpima, kwamba nilimwomba azuie kikohozi ili mstari wangu usiharibike. Sikusema kwamba tungemponya, sijui kama tungemponya. Nilisema kwamba sikujaribu.

Hakulia wala hakunifukuza. Alirudi kwenye maharage yake, akachambua kiganja kizima, harage moja moja. Kisha akanyoosha mkono apewe mchoro.

"Hatuna hata foto yake moja," alisema.

Aliufungua mchoro juu ya ungo. Akapitisha kidole juu ya zile kucha. "Njo yenyewe. Njo mikono ya Maman." Akaugeuza upande wa pili, palikuwa peupe. Akaugeuza tena.

"Na uso wake uko wapi, Dokta?"

Nikamwomba kipande cha karatasi, nikatoa penseli ili walau nimchoree. Nilikaa nayo mkononi pale uani mpaka maharage yakaisha. Mama yule alikaa mbele yangu zaidi ya nusu saa, na uso wake siukumbuki.