Mama wa usafi aliyejifungulia kwenye kitanda alichokiogopa

Asubuhi hii Eulalie M'Zagabe anaanza na sakafu. Amekunja kikwembe, kitenge chake cha kujifunga, mpaka juu ya goti, amemfunga mwanawe mgongoni, na kwa tambara lililolowa maji ya klorini anarudi kinyumenyume kutoka ukutani kuelekea mlangoni, akifuta nyayo za waliopita.

Kila anapomaliza mstari mmoja anasimama, anapeleka mkono nyuma na kuugusa mguu wa mtoto. Una joto. Anainama tena.

Wodi ya wazazi ya kituo hiki cha afya, kwenye mteremko wa Kadutu mjini Bukavu, ina vitanda sita. Kwenye kile cha dirishani, mama kijana anayengoja uchungu wake ukolee anamtazama Eulalie kwa muda mrefu, kisha anamwuliza kama huyo mtoto wa mgongoni alizaliwa hapa.

"Hapa hapa," anajibu Eulalie.

Anaendelea kudeki. Kwamba mtoto huyo alizaliwa juu ya kitanda hicho hicho, na kwamba yeye mwenyewe aliomba kwa machozi asilazwe pale, ni habari ambayo mwenye uchungu hana haja ya kuisikia.

Eulalie ana miaka thelathini na sita, na kazi ya kusafisha wodi hii ameifanya kwa miaka tisa. Huosha mabeseni, hufua mashuka, hudeki damu. Malipo yake hutegemea kile kituo kilichopata, na tangu vita vifike mjini kuna miezi ambayo kituo hakipati kitu. Hata hivyo haachi.

"Nikikaa ku nyumba, nawaza," anasema. "Huku mikono iko na kazi."

Kuwaza ndiko kulikomtesha. Kabla ya mtoto huyu alibeba mimba mbili, na zote zilitoka kabla hazijakomaa. Ya tatu ilipovuka pale ambapo zile ziliishia, majirani walianza kumpongeza, naye akazidi kuogopa. Wanawake wengine husikia hadithi za hatari ya uzazi kutoka mbali. Eulalie alikuwa amedeki damu yake.

Mwaka uliotangulia, mama mmoja kutoka mashambani alifia kwenye kitanda cha dirishani muda mfupi baada ya kujifungua. Damu ilikataa kukatika. Mtoto wake alipona, akachukuliwa na bibi yake. Eulalie na mwenzake Chancelle ndio waliokiosha kitanda kile, chuma kwa chuma.

Tangu mimba yake ilipoanza kuonekana, hakukigusa tena. Alianzia kazi upande wa pili wa wodi, na kila alipokaribia dirisha alikumbuka ghafla kwamba kuna mabeseni yanamngoja nje. Chancelle, ambaye ni mdogo kwake kwa umri, alikimalizia bila kuuliza.

"Yaya hakuniambia kitu," anasema Chancelle, akimwita Eulalie dada mkubwa kama alivyozoea. "Lakini mutu unatumika naye kazi kila siku, unajua kitu kenye anakimbia."

Mume wa Eulalie, Venant, ni dereva wa lori la mpunga. Huteremka bonde la Ruzizi mpaka Luberizi na Sange, kisha hupandisha magunia Bukavu. Mimba ilipoingia mwezi wa nane alishuka safari moja ya mwisho, akiahidi kurudi kabla ya Misa ya Jumapili. Mapigano yakafunga barabara nyuma yake. Lori likabaki Sange, naye akabaki nalo.

Mtandao wa simu ulikuja na kupotea. Siku walizopatana, Venant aliuliza kama mtoto anacheza, na Eulalie akamjibu kwamba anacheza sana. Hakumweleza alichoambiwa na mkunga Mélanie kwenye kliniki: mtoto amekaa vibaya, kichwa kiko juu, na uchungu ukianza asingoje, aende moja kwa moja hospitali kubwa kwenye daktari wa upasuaji.

"Ningemwambia, angefanya nini?" anauliza. "Angetembea kwa muguu katikati ya masasi ya bunduki. Nilinyamaza."

Uchungu haukungoja wakati wake. Ulianza Jumamosi moja kulipopambazuka, na asubuhi hiyo hiyo milio ya bunduki ikasikika upande wa milimani. Cimpunda, mtaa anakoishi, ulifunga milango. Hakuna pikipiki iliyopanda. Alijaribu kumpigia Mélanie, simu haikushika.

Alikaa ukingoni mwa kitanda akisikiliza. Alingoja milio ikome, na ilipokoma akangoja tena, maana hofu haikosi visingizio: pengine ni uchungu wa uongo, pengine utapoa wenyewe. Aliosha vyombo. Alikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Maji ya uzazi yalipomwagika sakafuni, alichukua tambara akaanza kuyafuta kwa mazoea ya kazi, na ndivyo jirani yake Lucie alivyomkuta: amepiga magoti, tambara mkononi, hawezi kuinuka.

Lucie alikimbia kumwita mumewe. Polycarpe ni seremala, na ndiye kiongozi wa shirika lao, jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa. Alifunga kiti kwenye miti miwili mirefu, kikawa kipoyi cha kubebea mgonjwa, kisha akaenda kugonga milango ya majirani waliojifungia. Waliitika.

"Tuliambiana, kama banatupiga, batupige tuko na maman ku mabega," anakumbuka Polycarpe.

Njia ya kushuka ilikuwa imechimbwa na mvua, ngazi zake za udongo zinateleza. Lucie alitangulia, ameinua juu kitambaa cheupe kilichofungwa kwenye fimbo. Eulalie anakumbuka visigino vya Polycarpe vikizama kwenye tope, na wanaume wakisali Salamu Maria kwa pumzi za kukatika. Kila uchungu ulipomkaza walisimama bila kuambiwa, wakageuza nyuso pembeni, kisha wakaendelea.

Hospitali kubwa ilikuwa mbali, na barabara zake hazikuwa na gari. Kituo cha afya kilikuwa karibu. Mélanie alimpima, akasema hakuna tena kwenda popote. Miguu ya mtoto ilikuwa imeshashika njia.

Vitanda vyote vilikuwa na watu, kasoro kimoja.

Eulalie alipoona anakopelekwa, alishika mlango kwa mikono miwili. "Hapana ile, maman Mélanie," alisema. "Unilalishe chini. Sima ya sakafu nimeidekia miye mwenyewe, iko safi. Lakini hapana ile."

Mélanie alimweleza kwamba pale chini hataweza kumsaidia, mtoto wa namna hiyo anahitaji kitanda cha juu na nafasi. Akamwambia kitanda ni chuma na godoro tu.

"Miye njo niliiosha," alisema Eulalie.

Chancelle, aliyekuwa ameshamaliza zamu lakini hakuthubutu kwenda kwao kwa sababu ya risasi, aliweka ndoo chini. Alilitoa godoro. Akashika chuma cha kichwani akakivuta, kitanda kikalia juu ya sakafu, akakizungusha mpaka upande wa kichwa ukaelekea ukutani na wa miguu ukaelekea mlangoni. Akalipindua godoro. Kisha akafungua kikwembe alichovaa juu ya gauni lake, akakitandika.

"Yaya, hii ni ingine," alisema. "Kuya."

Eulalie alijua kwamba haikuwa nyingine. Aliachia mlango, akaenda.

Yaliyofuata anayasimulia polepole, akichagua maneno. Kwa miaka tisa alikuwa amewasikia wanaojifungua akiwa koridoni, akajifunza kutambua hali zao kwa sauti ya mkunga. Mkunga akipiga kelele, mambo yanakwenda. Mkunga akianza kunong'ona, kuna shida. Mélanie alianza kunong'ona.

Alimwambia asisukume. Kisha asukume. Kisha angoje tena. Miguu ilikuwa imetoka, kiwiliwili kimetoka, kichwa bado. Mélanie hakuvuta; alikishikilia kile kiwiliwili kidogo kwa viganja viwili kana kwamba ni kitu cha kuazima. Chancelle alikuwa amemkumbatia Eulalie kwa nyuma, kidevu begani mwake. Huko nje milio ya bunduki ilirudi, karibu zaidi, na ndani hakuna aliyegeuka kutazama.

Kichwa kikatoka. Hakikusikika kilio.

"Ile kimya niliijua," anasema Eulalie. "Niliisikiaka mara mingi. Nilikuwa nasimama ku koridoo na ndoo yangu, nangojea. Siku ile, miye njo nilikuwa ndani yake."

Eulalie hakumwona mtoto. Aliuona mgongo wa Mélanie umeinama juu ya meza, viwiko vikipanda na kushuka, akausikia mpira wa kupulizia pumzi ukifinywa na kuachiwa. Alianza kusali, maneno yakampotea, akabaki akilitaja jina la Venant.

Kilio kilipokuja kilikuwa chembamba mno, hakukiamini. Alimwuliza Chancelle kama ni cha mtoto wa kitanda cha jirani. Chancelle alitikisa kichwa kukana, machozi yakimtiririka.

Hofu haikwenda mbali. Damu ilikuwa inatoka. Eulalie aliisikia kabla ya kuiona, ikidondoka kwenye beseni, na akagundua kwamba Chancelle ameacha kumtazama usoni. Yeye mwenyewe aliwahi kuacha kumtazama mtu namna hiyo, katika chumba hicho hicho.

Mélanie alimwita Lucie kutoka mlangoni akampa mtoto, akamchoma Eulalie sindano, akaweka mkono tumboni mwake na kusugua kwa nguvu zake zote. Alimtaka aongee, aseme lolote, asifumbe macho. Eulalie akaanza kuwataja watu wa mtaa wao nyumba kwa nyumba, kutoka juu kushuka chini. Majina yalipoisha alianza upya. Alipokuwa akipita nyumba ya Polycarpe kwa mara nyingine, damu ilipungua, ikakatika.

Mélanie hapendi kusifiwa kwa siku ile. Anasema dawa ya sindano ilikuwa ya mwisho kabatini, na kwamba uzazi kama ule haukupaswa kufanyikia kwake hata kidogo.

"Ilibakia kidogo sana tubapoteze," anasema. "Tulikuwa na bahati. Lakini bahati haiko dawa."

Mtoto ni msichana, jina lake Mapendo, na sasa ana miezi minne. Barabara za mji zilipofunguka alipelekwa hospitali kubwa. Daktari alimwambia mama yake kwamba mguu wa kushoto umechelewa kupata nguvu, aufanyishe mazoezi, na amrudishe akaangaliwe tena. Eulalie hufanya zaidi ya alivyoagizwa. Hata mtoto akilala, huweka kiganja mbele ya pua yake. Akikosa kuhisi kitu papo hapo, humwamsha.

Polycarpe hupita kila Jumapili baada ya Misa kuutazama, kama anavyosema, mzigo wake. Padri amekubali ubatizo ungoje, kwa kuwa Eulalie hataki maji yamwagwe baba hayupo. Venant hajamwona bado mwanawe. Barabara hufunguka leo na kufungwa kesho. Wapo waliojaribu kupita, na wapo ambao habari zao hazijafika.

Kuna jambo jingine analojitayarishia. Mélanie amemwomba aongee na wajawazito siku ya kliniki, awaeleze kwa nini mwanamke aliyeambiwa mtoto amekaa vibaya ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Mara ya kwanza alikataa. Alihisi atalia mbele za watu. Sasa amekubali.

"Nitabaambia nilijua yote na nilikaa ku nyumba, naosha vyombo," anasema. "Beye basifanye vile. Nataka bakuye ku hospitali kwa miguu yabo."

Akiwa anakamua tambara kwenye ndoo, simu inalia ndani ya kikwembe chake. Ni Venant. Sauti yake inakuja vipande vipande: amepata nafasi ya kusogea, yuko Luvungi, njiani kuja Bukavu, malori machache yameruhusiwa, pengine wiki hii, pengine ijayo, asimwambie mtu kwanza. Eulalie anaitikia kila neno, macho ameyafumba.

Kisha Venant anaomba kumsikia mtoto. Siku zote alizopiga, amemkuta amelala ama mtandao umekata.

Leo pia amelala. Eulalie anasita. Anamshusha kutoka mgongoni, anampakata, anaweka simu karibu na mdomo wake mdogo. Halafu yeye, ambaye hakuna anachokiogopa kama kimya cha mtoto huyu, anamfinya taratibu kwenye ncha ya sikio.

Mapendo anafungua macho, anakunja uso, na analia kwa hasira, kilio kinene kinachowafanya wanawake wote wodini wageuke. Mama yake anaanza kumbembeleza.

"Muache," inasema sauti ya Venant kutoka Luvungi. "Muache alie kidogo tena."