Polisi Alipoanza Kujitafuna

Mafuta ya kondoo yakishika moto, harufu yake haina adabu. Inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, mpaka kwenye chai. Juzi jirani yangu hapa Karatu mjini aliyachemsha kwa ajili ya kifua cha mtoto wake, nami nikajikuta nimerudi uani kwetu Kansay, nimekaa chini, mguu wa nyuma wa mbwa uko mapajani mwangu na mikono inateleza mafuta hadi kwenye viwiko.

Mbwa huyo aliitwa Polisi. Baba alimpa jina hilo kwa matumaini, lakini Polisi wetu alipenda rushwa. Ukimtupia tonge la ugali alikuruhusu upite hata na mbuzi wa watu. Fisi tu ndio hakuwa na mchezo nao. Nilimpenda kuliko kaka yangu Safari, na sioni haya kusema.

Wakati wa mavuno alilala kivulini, chini ya tela la trekta lililokuwa likipakia mahindi yetu. Dereva akawasha, akaliondoa. Nyie acheni tu. Mlio ule sijausikia tena kwa kiumbe yeyote, na naomba nisiusikie. Gurudumu lilimpanda pajani, likalididimiza kwenye udongo laini wa shamba, na ulaini huo ndio uliookoa mfupa. Nyama ilivimba ikawa nyeusi kama ini. Dereva aliposhuka, alitazama gurudumu lake kwanza. Mama alimporomoshea matusi ambayo hadi leo sijui alijifunzia wapi, mtu wa kwaya yule.

Uvimbe ulipokwisha, mguu ulibaki unaning'inia. Aliuburuta, vidole vikachubuka hadi damu, wala hakuwa na habari. Baba Boay, jirani tuliyemwita kila ng'ombe alipougua, alimchoma katikati ya vidole kwa mwiba wa mgunga. Polisi akamtazama tu, akatikisa mkia.

"Umekufa ganzi huu," akasema. "Ataburuta hivyo mpaka mwisho."

Mimi nilishika hilo neno moja, umekufa. Kama umekufa, mbona hauozi? Nikawa naunusa kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Jioni mama alinipashia mafuta, nami nikausugua. Paja lilikonda hadi nikawa nashika mfupa mtupu. Halafu, mvua za kwanza zilipokaribia, nikaona linajaajaa kidogo. Nikamwambia mama.

"Unaona unachotaka kuona wewe," akanijibu.

Siku moja Polisi akaanza kujitafuna. Sisemi kujilamba, nasema kujitafuna. Aliuma vidole vyake mwenyewe, akavuta ngozi, damu ikachanganyika na mate hadi mdomo ukajaa povu jekundu. Nilipomgusa unyayo aliniungurumia na kunitolea meno. Mimi! Na mwaka uleule, kule bondeni, mtoto alikuwa amekufa kwa kichaa cha mbwa, amefungwa kamba kitandani, majirani wote wakimsikia. Kwa hiyo msiwalaumu watu haraka. Safari alipoliona lile povu alipiga yowe, na kwetu yowe halina maswali. Kila mwanaume alitoka na alichokishika.

Baba alijitahidi. "Ngojeni kwanza! Tumpime kwa maji."

Mbwa mwenye kichaa huogopa maji, ndivyo tulivyojua sote. Baba akamsogezea karai kwa fimbo. Polisi akainuka, akainamisha kichwa, akanywa. Jamani, alikunywa! Nilikuwa nimeshaanza kupumua. Ndipo mtu mmoja mwenye papara akarusha jiwe, likatua ndani ya karai, maji yakamrukia Polisi usoni, naye akaruka nyuma.

"Ameogopa maji!" Baba Boay akapaza sauti. "Mmeona wenyewe!"

Polisi akatimua mbio, na hapo nikaona. Alikimbia kwa miguu yote minne. Ule uliokufa ulikuwa unakanyaga, kwa kuchechemea, vibaya, lakini unakanyaga.

"Anaukanyaga! Baba, anaukanyaga!"

Nani amsikilize mtoto? Rungu la kwanza lilimvunja mgongo. La pili lilimpata kichwani, jicho likatoka. Bado akajikokota kwa miguu ya mbele kuja nilikosimama, na baba, ili asinifikie, akammalizia kwa mgongo wa jembe. Akaendelea kupiga hata pale ambapo hapakuwa tena na cha kupigwa. Kisha akaketi palepale kwenye tope la damu, na siku ile hakula.

Miaka ikapita. Mwaka juzi bodaboda niliyopanda ilianguka mtaroni, ikanilalia mguu. Mfupa ulipona, lakini kuanzia goti kushuka sikusikia kitu. Hospitalini walinichoma sindano, nami nikawatazama tu. Miezi ikaenda hivyo, ninaishi kwa magongo na kurudishwa wodini. Halafu asubuhi moja vidole vikaamka. Hakuna mtu aliyekuwa ameniandaa kwa hilo. Ilikuwa moto, ilikuwa siafu ndani ya mfupa, na ningeufikia mguu ule kwa meno ningeutafuna. Niliuma mto hadi ukachanika.

Daktari alifurahi, mtu mbaya yule. Akanieleza kwamba mshipa wa fahamu ukipondwa bila kukatika huweza kuota tena, polepole, kutoka juu kushuka chini, na nyama ya mguu hurudi nyuma yake. Ukifika vidoleni huwasha na kuunguza hivyo. Hata wanyama, akasema, wengine hujitafuna kabisa wakati wanapona.

Nikaangua kilio. Akadhani ni maumivu, akaniandikia vidonge.

Mama alikuja mchana na uji wa ulezi, anacheka kwa furaha, amesikia kwamba mguu umeamka. Nikamwambia alichosema daktari kuhusu wanyama. Alikuwa anamimina. Akaacha kumimina.

"Kwa hiyo Polisi alikuwa anapona?"

"Alikuwa anapona, mama."

Akanishikisha kikombe.

"Baba yako usimwambie," akasema.